Kidude hakijafa, kinasubiri waya: jibu kuhusu friji ya kuchachushia bia nyumbani

"Shikamoo mzee. Naishi Pasua, hapa Moshi. Najifunza kutengeneza bia ya shayiri nyumbani, ya kunywa mwenyewe na ndugu zangu. Ndoo yangu ni ya lita 25, ndani naweka lita 20. Ya kwanza niliiacha jikoni mwezi wa pili. Ilitoka na harufu ya rangi ya kucha, ikichoma kooni kama pombe kali, na asubuhi kichwa kilitaka kupasuka. Nimenunua friji ya mtumba ya mlango mmoja na kile kidude cha kidijitali cha kudhibiti joto kinachoandikwa STC-1000. Nimekifunga kwenye sanduku la plastiki lenye soketi mbili, moja ya friji na moja ya balbu ya kupashia. Kinawaka na kinaonyesha nyuzi joto, lakini soketi zote mbili hazitoi umeme. Rafiki yangu anasema kimekufa. Jirani anasema niachane nacho, nizungushe tu nobu ya friji hadi namba moja. Mwingine kaniambia kikishapona nishushe muda wake wa kusubiri hadi dakika moja ili friji iwahi kupoza. Sensa nimeining'iniza katikati ya friji. Nifanyeje? Na je, ni kazi salama kwa mtu asiye fundi umeme?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umefunga maswali manne kwenye kitita kimoja, na mojawapo linahusu uhai wako kabla ya kuhusu bia. Nitakifungua polepole. Nianze na linalokunyima raha: kwa maelezo yako, kidude hicho ni kizima. Kina njaa ya waya ambao michoro mingi huuchora kwa mstari mwembamba, na mtu anayefunga kwa mara ya kwanza huupita bila kuuona.

Fikiria swichi ya taa ukutani kwako. Haitengenezi umeme. Inaunganisha waya na waya, basi. Ndani ya STC-1000 kuna swichi mbili za namna hiyo, ila badala ya kidole, kila moja inasukumwa na sumaku ndogo ya umeme. Ndizo mafundi tunaziita rilei. Moja ni ya kupasha, nyingine ni ya kupoza. Umeme unaouingiza kwenye tundu namba 1 na 2 ni chakula cha kidude chenyewe: unawasha kioo chake na kuendesha hesabu zake, na unaishia hapo. Hauvuki kwenda kwenye rilei. Ukitaka rilei ipeleke umeme kwenye soketi, lazima uipe umeme wa kupeleka.

Kwa hiyo waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ukishafika tundu namba 1, utoe kutoka hapo kipande cha waya kiende tundu namba 5, na kingine kiende namba 7. Namba 6 ndiyo itoke kwenda upande wa moto wa soketi ya kupashia, na namba 8 iende upande wa moto wa soketi ya friji. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haikatwi na rilei yoyote: inakwenda namba 2 na inaunganika moja kwa moja na soketi zote mbili. Namba 3 na 4 ni za sensa peke yake. Usiguse hizo kwa waya wa umeme wa nyumba hata kwa bahati mbaya, maana hapo kidude kitakufa kweli. Mpangilio huu ndio wa STC-1000 ya kawaida, lakini sokoni zipo nakala zinazofanana nayo kwa sura, hivyo soma kibandiko kilichobandikwa mgongoni mwa chako kabla ya kukaza skrubu. Hakikisha pia kimeandikwa volti 220 na siyo 110.

Katika nyaya za siku hizi kahawia ni moto, bluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ethi, yaani waya wa ardhini. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi. Usiamini rangi iliyo ukutani kwa sababu tu umeambiwa. Nimefungua soketi nyingi Arusha na Moshi ambamo aliyepita kabla yangu aliishiwa waya wa bluu akaendelea na aliokuwa nao.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo palipo na jibu la swali lako la usalama. Umeme wetu ni volti 230. Friji ni sanduku la chuma, sakafu ya jikoni huwa na maji, na bia inayochacha hupanda povu likamwagika. Vitu hivyo vitatu vikikutana na waya uliolegea, mtu anapoteza maisha. Waya wa ethi ndio unaozuia hilo: utoke kwenye plagi, upite ndani ya sanduku lako bila kukatwa na chochote, ufike kwenye soketi zote mbili. Sanduku likiwa la chuma, nalo liunganishwe. Plagi iwe ya miguu mitatu ya bapa, yenye fyuzi ndani. Weka fyuzi ya ampia 5. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishakimbia, kwa hiyo fyuzi hiyo ikikatika mara kwa mara bila kosa lingine, unaweza kupanda hadi 10. Usiweke 13, kwa sababu rilei zenyewe zimeandikwa ampia 10, na fyuzi kubwa kuliko rilei hailindi kitu. Waya uwe wa milimita mraba moja na nusu. Nyaya za kuingia na kutoka zibanwe kwenye sanduku zisivutike, na skrubu zikazwe hadi waya ukivutwa kwa mkono usitoke.

Sanduku likae nje ya friji, juu ya usawa wa ndoo. Nimeona watu wakiliweka ndani ili lisionekane. Ndani ya friji hewa hutoa jasho kila mlango unapofunguliwa, na jasho hilo hutiririka hadi kwenye skrubu.

Kabla ya kuigusa friji, lifanyie sanduku lako jaribio ambalo mimi huwafanyisha vijana wote ninaowafundisha. Chomeka taa ya mezani kwenye soketi ya kupoza na nyingine kwenye ya kupashia. Weka kiwango nyuzi 20. Shika ncha ya sensa kwenye kiganja chako: namba itapanda, alama ya kupoza itaanza kumetameta, na baada ya muda wa kusubiri kwisha taa ya kwanza itawaka. Kisha itie sensa kwenye kikombe cha maji baridi: taa ya kwanza izime, ya pili iwake. Sanduku likifanya hivyo mara tano bila kukosea, ndipo uchomeke friji. Kumetameta huko ndiko huwafanya wengi wadhani kifaa ni kibovu, kumbe kinahesabu dakika.

Sasa jirani yako na namba moja. Ana nia njema, na angekuwa sahihi kama ungetaka kuhifadhi maziwa. Nobu ya friji ya kawaida imetengenezwa kushika nyuzi chache tu juu ya sifuri. Hata ukiirudisha namba ya chini kabisa, friji nyingi zitakupa nyuzi 7 au 8 hivi. Hamira ya bia ya aina ya eli, ambayo bila shaka ndiyo unayo, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Kwenye nyuzi 8 inalala chini ya ndoo na bia yako inabaki uji mtamu. Hamira ya laga ndiyo hupenda ubaridi, nyuzi 9 hadi 13 hivi, lakini hata hiyo haitaki friji inayopanda na kushuka inavyotaka. Kwa hiyo kidude chako kina kazi ambayo nobu haiwezi: kuikatia friji umeme mapema, ikiwa bado na hamu ya kuendelea kupoza. Nobu yenyewe iache upande wa baridi zaidi, isije ikazima friji kabla kidude hakijaamua.

Hilo la joto lina sababu yake, na ukiielewa utaacha kufuata namba kwa kukariri. Hamira inapokula sukari ya kimea, haitoi kileo na gesi tu. Inatoa joto. Kilo moja ya sukari ikichacha hutoa joto la kama kilojuli 590. Lita 20 za bia ya kawaida hupoteza kilo moja na nusu hivi ya sukari kwa njia hiyo, na kuipandisha lita 20 nyuzi moja kunahitaji kilojuli 84. Piga hesabu: kama ndoo ingefungwa kiasi kwamba joto halina pa kutokea, bia ingejipasha yenyewe zaidi ya nyuzi 10. Kwa kawaida joto hupotea kupitia ukuta wa ndoo, lakini siku ya pili na ya tatu, povu likiwa limeshika kasi, bia huwa nyuzi tatu, nne, hata tano juu ya hewa ya chumba. Jikoni Moshi mwezi wa pili mchana hupita nyuzi 30. Hamira yako ilikuwa inachemkia huko juu.

Ikiwa kwenye joto hilo, hamira hukimbia, na inapokimbia inamwaga vitu ambavyo ikienda taratibu hutoa kidogo tu. Kuna vileo vizito, ndivyo vinavyochoma kooni. Kuna esta, yaani kemikali za harufu, na mojawapo ndiyo yenye harufu ya rangi ya kucha. Huenda umeogopa kwamba ulitengeneza methanoli, ile sumu inayopofusha watu tunayoisikia kwenye habari za pombe kali za magendo. Nafaka inayochacha kwa hamira hutoa methanoli kidogo mno, na maafa yale hutokana zaidi na pombe kali zilizochanganywa na spiriti za viwandani. Hukunywa sumu ya namna hiyo. Ulikunywa bia iliyochachushwa kwa pupa. Nikuongezee neno la haki, hata hivyo: harufu ya rangi ya kucha inaweza pia kuletwa na vijidudu vya porini kwenye ndoo isiyosafishwa vizuri, na friji haiponyi uchafu. Osha, kisha tia dawa ya kuua vijidudu, kila chombo kinachogusa bia baada ya kuchemka.

Wazee wetu wa Uchaggani hawakuhitaji kidude chochote kwa ajili ya mbege, na vijana huniuliza kwa nini bia ya shayiri iwe na madeko hivyo. Mbege hunywewa changa, bado inachacha, siku moja au mbili baada ya ulezi kuingia. Ladha ya ndizi, uchungu wa gome la msesewe na ule uchachu wenyewe ndivyo vinavyotafutwa. Bia ya shayiri inasubiri wiki tatu, nne, kwenye chupa, na kosa lolote la siku ya pili linasubiri humo nayo. Wazungu wenyewe walilijua hilo: mashine za kwanza za kupoza za Carl von Linde, kule Ujerumani miaka ya 1870, zilisukumwa na haja ya viwanda vya bia kabla friji haijafika jikoni kwa mtu.

Ukishajua kwamba bia ina joto lake mbali na hewa, utaona kwa nini sensa inayoning'inia katikati ya friji ni kosa kubwa kuliko yote uliyoyataja. Hewa ya friji ni nyepesi: kompresa ikiwaka inashuka nyuzi kadhaa ndani ya dakika chache, huku ndoo haijahama hata nusu nyuzi. Kidude kitasoma hewa, kitaridhika, kitazima. Hewa inapanda upesi, kinawasha tena. Friji itawaka na kuzima mchana kutwa, na bia itabaki na homa yake. Ibandike sensa ubavuni mwa ndoo, katikati ya kimo cha bia na siyo juu karibu na mfuniko. Iguse plastiki kabisa. Juu yake weka kipande cha sponji nene, mfano cha godoro kuukuu, ukubwa wa kiganja, kisha ukizungushie utepe mpana mpaka kibane. Sponji inaizuia hewa, na sensa inabaki kuisikiliza ndoo. Ukipenda kwenda mbali zaidi, unaweza kutoboa mfuniko na kupitisha bomba jembamba la chuma cha pua lililozibwa chini, sensa ikae ndani yake katikati ya bia. Usiitumbukize sensa yenyewe kwenye bia. Ule mpira wake huchakaa, maji huingia, na namba zinaanza kudanganya siku ambayo hutazami.

Nafika kwenye ushauri wa dakika moja, na huu nakusihi uukatae. Kompresa inasukuma gesi kutoka upande wa shinikizo dogo kwenda upande wa shinikizo kubwa. Ikizima, pande hizo mbili zinahitaji dakika kadhaa kusawazika kupitia kijibomba chembamba. Ukiiwasha kabla ya hapo, mota inajaribu kuanza ikiwa imekabwa. Haizunguki. Inanguruma, inavuta umeme mwingi, inapata moto, na kilinzi chake cha joto kinaikata kwa mlio wa "tik". Ikirudiwa mara nyingi, nyaya za ndani zinaungua. Nimewahi kuua kompresa kwa njia hiyo nikiwa kijana. Nilitumia themostati ya chumba isiyo na muda wa kusubiri, jioni umeme ukawa unakatika na kurudi, nami sikuwapo. Niliporudi nyumba ilikuwa na harufu ya rangi iliyoungua. Friji haikuwa yangu, ilikuwa ya shemeji yangu, na ilinichukua miezi kulipa. Ndiyo maana kipengele kinachoitwa F3 kwenye kidude chako kinakuja na dakika 3 kutoka kiwandani, na mimi nakuomba uweke 5. Bia haitajua tofauti. Lita 20 hazibadiliki kwa dakika mbili.

Vipengele vingine ni vichache. F1 ni kiwango unachotaka: anza na 19. F2 ni pengo: ukiweka 0.5, friji itawaka bia ikifika 19.5 na kuzima ikirudi 19. Ukiona bia inaendelea kushuka hadi 18 baada ya friji kuzima, maana bati la barafu bado ni baridi, panua pengo hadi 1.0. F4 ni ya kusahihisha sensa. Saga barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha tu ya sensa kwa dakika kadhaa. Isome 0. Ikisoma 0.8, punguza 0.8 kwenye F4. Usijaribu kuisahihisha kwa maji yanayochemka kama wafanyavyo watu wa pwani: Moshi tuko juu ya bahari kwa mita 800 na zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Arusha ni 95. Utaisahihisha sensa nzuri iwe mbovu.

Povu likishatulia, kwa kawaida siku ya nne au ya tano, pandisha F1 hadi 21 na uache siku mbili tatu. Hamira humalizia kazi na kula ile ladha ya siagi ambayo yenyewe iliiacha njiani. Usiiharakishe hatua hiyo.

Kuhusu balbu ya kupashia: kwa Pasua, miezi mingi ya mwaka, ichomoe kabisa. Kupasha na kupoza vikiwa vyote tayari, na pengo likiwa dogo, vinaweza kupigana, friji ikishusha kupita kiasi na balbu ikirudisha, na LUKU yako ndiyo inayolipa ugomvi huo. Anayeishi Arusha, kwa mfano Sakina au Njiro, mwezi wa saba usiku unaposhuka hadi nyuzi 13 hivi, huyo atahitaji joto. Balbu ya LED haimsaidii, maana karibu haitoi joto. Ile ya zamani ya waya wa ndani hutoa, lakini mwanga wake huharibu bia yenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu: harufu inageuka kama ya kicheche. Ikibidi kuitumia, iwe ya wati 40, kwenye holda ya kauri, imefunikwa na kopo la bati lililotobolewa, mbali na plastiki yoyote. Mimi napendelea kikanda cha kupashia ndoo cha wati 25 au 30. Kinapasha polepole, hakina mwanga na si rahisi kuwasha moto.

Friji yenyewe ichunguze kabla hujaipenda. Ya mlango mmoja inayoganda barafu, ya kizamani, ndiyo rafiki wa kazi hii. Zile zisizoganda barafu zina saa ya ndani ya kuyeyushia, na kidude kinapoikatia umeme saa hiyo inasimama. Za inveta zina bodi yenye akili yake, inayoanza hesabu upya kila umeme unaporudi, kwa hiyo inagombana na kidude. Ukiwa na ya namna hiyo, iuze upate ya kizamani. Na tafadhali, usitoboe ubavu wa friji ili kupitisha waya wa sensa. Mabomba ya gesi mara nyingi yamefichwa ndani ya kuta, hasa kwenye friza za kulaza. Ukitoboa bomba, friji imekwisha. Ikiwa kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka moto, sasa fikiria cheche ya drili. Waya wa sensa ni mwembamba. Upitishe kwenye mpira wa mlango, upande wa bawaba, utabanwa na mlango utafunga.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Lita 20 ndani ya friji iliyofungwa husogea taratibu, na katizo la saa tatu nne halikuharibii bia. Mipangilio ya kidude haifutiki, na umeme ukirudi kinasubiri zile dakika zake kabla ya kuwasha kompresa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umeme unaorudi ukiwa juu sana au chini sana. Kile kifaa wanachokiita frijigadi, kinachokaa kati ya ukuta na plagi, kina thamani kuliko senti unazoziokoa kwa kukiacha.

Nisikufiche kwamba kuna njia nyingine, na kwa mtu anayechachusha mara mbili kwa mwaka zinaweza kuwa bora. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, ivalishe shuka la pamba linalogusa maji, na asubuhi na jioni ubadilishe chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Hewa ikiwa kavu, shuka hilo peke yake hushusha nyuzi kadhaa. Ni kazi ya kukumbuka, na ukisafiri kwenda msibani bia inabaki yatima, lakini haina volti ndani yake. Au chachusha Juni hadi Agosti. Au kama una shangazi Kibosho au Marangu mwenye chumba cha pembeni, mpandishie ndoo: huko juu mlima wenyewe ndio friji. Ipo pia hamira ya Norwei iitwayo kveik, inayofurahia nyuzi 30 na zaidi bila kutoa ile harufu iliyokuumiza. Ukiipata, tatizo lako la Februari linapungua kwa sehemu kubwa. Na kama moyo hautulii na nyaya, kuna vidhibiti vilivyokwisha kufungwa kiwandani na soketi zake mbili, kama Inkbird ITC-308. Vinagharimu zaidi, lakini unachomeka tu. Sioni aibu yoyote katika kununua hicho.

Kwa hiyo je, ni kazi ya mtu asiye fundi? Kuandaa sanduku, kubandika sensa, kuweka vipengele, kupima kwa barafu, ndiyo, unaweza. Kuunganisha nyaya za ndani unaweza ukifanya plagi ikiwa imechomolewa na iko mbele ya macho yako, kisha fundi aipitie kazi kabla haijaona umeme. Nyaya za ukutani usiziguse. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA kama soketi ya jikoni haina ethi au hujui kama inayo, kama ukigusa mlango wa friji unasikia msisimko hata mdogo, kama fyuzi au sakiti breka inaruka na hujui sababu, au kama sanduku lina joto la kuhisi kwa mkono na harufu ya plastiki. Msisimko ule watu wa kwetu wanauzoea, wanavaa kandambili na kuendelea. Usiuzoee. Chomoa hapo hapo. Mwombe fundi huyo pia akufungie kwenye meini swichi kile kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima mkondo unapovuja kwenda ardhini, kama bado hakipo. Kompresa ikinguruma na kukata "tik" kila dakika kadhaa hata baada ya kusubiri vya kutosha, huyo ni mgonjwa wa fundi wa friji, siyo wa kidude. Taa za nyumba nzima zikififia na kung'aa zenyewe, piga simu TANESCO kabla ya kuchomeka chochote, maana huenda nyutro ya nje imelegea.

Anza na ule waya wa kutoka namba 1 kwenda 5 na 7. Taa zako mbili za mezani zikishapokezana, niandikie unieleze kibandiko cha nyuma ya friji kinasema nini, wati zake na aina ya gesi, nikuambie kama inafaa kabla hujatia kimea kwenye maji.